Mtoto Aliyelia Bila Machozi

Nikikumbuka siku zile hujiuliza kama nilikuwa na macho au mapambo tu usoni. Mwanangu wa kwanza, binti wa miezi saba, alishikwa na kuhara tukiwa kwa mama mkwe, Kibuta. Mama mkwe alinikataza kumpa maji. "Yatazidisha, mwanangu. Kinachoingia ndicho kinachotoka." Hata ziwa langu tulimpimia. Ndivyo tulivyolea watoto wanaohara, wala hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya tatu kuhara kukakoma, winda likalala kavu na kuamka kavu. Alhamdulillahi! Akilia, machozi hayatoki, tukamsifu eti jasiri huyu, hadeki. Lakini utosi ulikuwa umebonyea, kidole kinazama. Mama mkwe akasema utosi umeshuka, akasaga majani akayabandika kichwani. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Tumbo limetulia, mbona macho yanadidimia? Mbona ulimi umekauka? Anapona huyu au ananifia? Nilimbeba mgongoni nikashika njia ya zahanati, Kisarawe, mama mkwe nyuma yangu akinung'unika mwendo mzima.

Mganga wa zahanati hata kichwa hakukigusa. Alifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Amekojoa lini?"

"Tangu jana hajanisumbua," nikajibu, tena kwa majivuno. Mjinga mimi!

"Mama, mwili wa mtoto huyu umekauka maji. Ana kiu."

Kiu? Nilidhani ananitania. Akaniletea kikombe cha maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo, akaniambia nimpe kijiko kimoja kimoja, nisichoke. Mtoto alikibana kijiko kwa fizi, hataki kukiachia. Alasiri akanikojolea kanga, nikaangua kilio mbele za watu, wala sikuona haya.

Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu. Kabla ya kumzaa mume wangu alizika watoto wawili, na siku zote alituambia ni utosi uliowaua. Sasa alikuwa amekishika kile kikombe kwa mikono miwili.

"Walikuwa wakiunyooshea mtungi mikono," akasema. "Mimi nikausogeza mbali."