Bibi Alipoacha Kuonja

Juzi nilipita Mhunze siku ya gulio, nikamkuta mama mmoja akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Nikanunua kopo moja, nikala palepale nimesimama, na kila nilipotafuna nilihisi kama nimefumaniwa. Ngoja nikusimulie, ndugu yangu.

Miaka ile ya hamsini baba alikuwa mgodini Geita. Nyumbani tulibaki mama, mimi na bibi mzaa baba, mwanamke mnene ambaye kijiji kizima kilimsifu kuwa anatunzwa. Kisha miguu ikaanza kumvimba, pumzi zikawa zinamwishia hata kabla ya kufika kisimani. Mganga wa zahanati akamwambia apunguze mwili, la sivyo moyo ungechoka kabla ya mavuno mengine.

Bibi alishangaa, maana matonge yake ya ugali yalikuwa machache kuliko yangu. Mama ndiye aliyegundua. Bibi alikula kutwa bila kujijua: karanga akibangua, utando wa maziwa akisukasuka kibuyu, michembe akipita ghalani, na makombo yangu yote. Wakapatana kwamba chochote kiwekwe kwanza kwenye kibakuli, naye akae chini, ale akikitazama. Mkono ukijisahau, mama auzuie.

Nyumba ikapoa. Bibi, aliyezoea kuimba akitwanga, alinyamaza. Alinitazama nikitafuna mpaka nikawa nakwenda kulia chakula nyuma ya ghala. Lakini alipungua.

Ndipo shangazi akaja kutoka Isaka. Alipoona ngozi ya mikono ya mama yake inaning'inia, hakuketi hata kidogo. Bibi alipotoka kwenda kisimani, shangazi alinivuta pembeni, akaniuliza kama bibi anapewa chakula. Nilikuwa na miaka saba. Nikamjibu nilichokiona: mama alimpokonya karanga mkononi.

Shangazi akamwambia mama afunge mizigo yake. Kaka yake yuko shimoni, alisema, na huku mke anamuua mama yao kwa njaa. Ng'ombe wa mahari watarudi. Mama alisimama na mwiko mkononi, akanitazama mimi.

Bibi akarudi, mtungi wa maji kichwani. Akautua polepole, akasikiliza yote.

"Mwanangu," akamwambia shangazi, "mwaka jana maji haya nilikuwa naletewa, kama mgonjwa. Hakuna aliyeninyima. Mkono wangu ndio uliokuwa mwizi, nami nikamwomba mkwe wangu aukamate."

Shangazi hakuomba radhi. Ila asubuhi iliyofuata alichukua ungo, akakaa karibu na mama, wakapepeta mtama pamoja.

Bibi aliishi hadi akacheza ngoma kwenye harusi yangu. Leo boma letu ni shamba la pamba, na ile zahanati imebaki msingi tu. Mama naye ametangulia. Hakuwahi kunigombeza kwa jibu lile. Miaka yote nilingoja anigombeze, nipate pa kuanzia kumwomba radhi.