Baiskeli Isiyoibika

Baba mdogo wa msichana niliyetaka kumwoa alikuwa ameibiwa baiskeli tatu, na zote aliibiwa matangani. Huku kwetu ziwani matanga hayaishi, na yeye hakuwahi kukosa. Anaegemeza baiskeli kwenye ua, anaingia kulia na wenzake, akitoka anaanza kulia upya, safari hii kwa sababu zake mwenyewe.

Baba wa msichana alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho juu ya ndoa yangu lilikuwa la mzee huyu. Naye alishasema wazi kwamba mtoto wao haendi kwa mtu wa mikono ya grisi. Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli pale njia panda ya Mamboleo. Nilikasirika, sitaficha. Kwani yeye zile baiskeli zake tatu zilikuwa zinatengenezwa na padri? Hasira ilipotulia nikamtumia ujumbe kupitia kwa msichana: ninayo baiskeli isiyoibika, na namuuzia yeye kwanza.

Ilikuwa baiskeli ya reisi ya zamani, fremu ya chuma kweli, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Mwalimu mmoja wa kizungu aliiacha alipokwenda kwao, ikaning'inia kwenye stoo ya shule mpaka kuku wakaizoea. Gia zake zilikuwa zimekufa na spea zake Kisumu nzima hakuna. Basi nikazing'oa gia zote, nikabakiza moja ya nyuma na kuichomelea ikashikana na gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Ukitaka kusimama, unazikaza kinyume kwa miguu kidogo kidogo. Ukiisahau ukatuliza miguu, inakurusha. Breki nazo nikatoa, kwa madaha tu.

Pale njia panda kila mjuaji aliijaribu. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima na kitambi chake, aliangukia gunia la mahindi akaniuliza hii ni baiskeli au ni punda. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Mimi mwenyewe niliiendesha kama niliyezaliwa nayo.

Siku ya kuipeleka Asembo, kwao msichana, niliipandisha juu ya basi, nikashuka stendi ya mwisho na kuiendesha kuelekea ufuoni. Njia ni mteremko. Nikiwa katikati, nani huyo anapanda kutoka ziwani na beseni la omena, dagaa wetu wa huku, kichwani? Mama yake msichana. Maro wangu mtarajiwa, mama mkwe mwenyewe.

Kwetu ukimwona maro njiani hupiti mbele yake umekaa juu ya baiskeli kama tarishi. Unashuka, unajitenga kando, unainamisha macho mpaka apite. Kumgusa usiwaze hata ndotoni. Basi nikafanya kile ambacho mwanamume yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Nilituliza miguu ili nishuke.

Yawa! Heshima ilinisahaulisha kazi ya mikono yangu. Pedali ilinipiga ugoko, ikaniinua na kunitupa mbele, na nilipofumbua macho nilikuwa nimelala na omena kichwani, mkono wangu umeshika kifundo cha mguu wa mama mkwe.

Yeye alijifunika uso kwa leso, akageukia ziwa, akauliza hewani kama vile mimi sipo, "Kuna mtu ameumia?"

Nikaziambia omena kwamba hakuna.

Nilijua ndoa imekwisha. Mzee aliinunua baiskeli baada ya kujifunza kwenye uwanja wa mpira, akaanguka mara kadhaa na kunitazama vibaya kila mara. Kuhusu mtoto wao hakutaja neno. Nilirudi Mamboleo nikawa nawafokea wateja wasio na hatia.

Haukupita muda, kukawa na matanga jirani na kwao. Mzee akaegemeza baiskeli kwenye ua kama kawaida yake. Katikati ya kilio watu wakasikia kilio kingine nje, cha mtu mmoja tu. Mwizi alikuwa ndani ya michongoma, na baiskeli imelala nje inamsubiri mwenyewe. Waombolezaji waliosimulia waliapa kwamba hata mjane alitabasamu.

Tukaitwa kwao, mimi na wazee wangu, kwa mazungumzo ya ndoa. Mzee aliisifu baiskeli mpaka uji ukapoa. Lakini shangazi mmoja akakohoa, akauliza kama ni huyu huyu aliyemshika mama mkwe mguu mchana kweupe. Mzee akatazama viatu vyake. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia la jikoni, ikisema na masufuria.

"Baiskeli hiyo mwizi inamtupa michongomani. Huyu imemleta mpaka miguuni pangu. Mpeni mke wake."