Mchezaji wa Akiba

Tulikuwa tunatafuta cheti cha kipaimara cha kaka yangu ili tuandike historia ya marehemu, na ndani ya bahasha ile ile tukakuta ripoti ya mchezo. Karatasi moja, imepigwa taipu, imechakaa kwenye mikunjo. Ni ya siku ambayo timu ya kiwanda cha hapa Arusha, iliyokuwa ikimlipa kaka mshahara kwa kucheza mpira, iliifunga timu kubwa ya Dar es Salaam goli moja kwa bila.

Nimeisoma mara nyingi tangu hapo. Kona kwetu chache, kwao nyingi. Kadi ya njano kwa beki wetu wa kushoto. Mfungaji, winga wa kulia, kipindi cha pili. Badiliko moja, huyo beki katoka. Chini kabisa wameandikwa wachezaji wa akiba, na jina la kaka ni la mwisho. Mbele yake, pale pa dakika ya kuingia, hapana kitu.

Mwanawe mkubwa alikuwa ameshaandika kwenye simu kwamba baba yake alicheza kipindi cha pili akaisaidia timu kushinda. Nikamwambia hakucheza.

"Baba mdogo, mama mwenyewe ndiye kaniambia. Baba alimsimulia hivyo kabla hawajaoana."

"Nilikuwepo. Nilikaa nyuma ya benchi la akiba."

Akasema nani atakuja huku kijijini Kikatiti kukagua. Watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza rufaa. Wajomba wakacheka kidogo, hata mimi. Lakini sikuweza. Nikisimama mbele ya jeneza niseme alicheza, nitakuwa namzika mtu mwingine. Tulibishana mpaka kijana akachoka.

"Basi soma wewe."

Nikasoma mimi, uani, mahali tulipokata migomba kupisha maturubai. Nilipofika hapo nikasema alikuwa mchezaji wa akiba katika mchezo ule, na hakuingia. Nikaendelea na ndoa, watoto, utumishi wake kanisani. Shemeji, mke wa marehemu, alikuwa ameketi mbele kabisa. Sikuinua macho.

Jioni, wengi wakiwa wameondoka, alituma niitwe. Nilimkuta chumbani kwenye godoro walilomtandikia chini, wanawake wa jumuiya wakiwa naye. Akawaomba watupishe.

"Shemeji, kwa hiyo hakucheza."

"Hakucheza."

"Na mimi nimewalea watoto na habari hiyo."

Akauliza kama kocha hakumtaka, kama kumbe hakuwa mchezaji wa maana. Hapo ndipo nilipomweleza jambo ambalo ripoti haina mahali pa kuliandika. Siku ile mvua ilishuka kutoka mlimani, uwanja ukawa tope. Wakati wa mapumziko soli ya kiatu cha winga ilibanduka, na aliyevaa saizi moja naye alikuwa kaka peke yake. Akavua vyake akampa. Goli lilifungwa na viatu hivyo. Baadaye beki akaumia, kocha akageuka akamwita kaka. Kaka akainuka na soksi tupu. Kocha akamtazama miguu, akamwita wa pembeni yake.

Uani sikulisema hili. Nilikuwa nimeishika karatasi, nikaona karatasi inatosha.

Nje walikuwa wanapanga viti vya kukodi.

"Hili sasa," akasema shemeji, "kwa nini hakuniambia hili?"

Nikasema sijui. Sikutaka kubuni jibu kwa niaba ya kaka. Akalala upande, akanipa mgongo, akaanza kulia upya, kilio tofauti na kile cha makaburini. Nilikaa pale mlangoni mpaka wale wanawake waliporudi.