Maharage ya Debe Moja

Mtihani wa cheti cha ualimu ulikaribia, na hesabu za uwezekano zilikuwa zimenishinda kabisa. Basi nikaingia ghala la kijiji, nikachanganya maharage mekundu na meupe kwenye debe, nikafumba macho na kuanza kuchomoa huku nikibashiri rangi.

“Jekundu,” nikasema tena.

“Jeupe,” akajibu Mama Hoza, mtunza ghala.

Nikafumbua macho. Ndipo nilipokumbuka mbegu za maharage za shamba la ujamaa zilizowekwa humo ghalani, ambazo akina mama walizichambua rangi kwa rangi wiki nzima. Jasho likanitoka na baridi yote ile ya Lushoto.

“Mama, nisamehe. Nimeharibu mbegu.”

“Mbegu zilipandwa jana, Mwalimu. Hayo ni ya kupika.”

Nikashusha pumzi, nikainuka niondoke.

“Kaa,” akasema. “Nimesimama hapa muda mrefu, hujapatia hata moja.”