Maji Baridi Kwanza

Kambi yetu ya wachuma chai ilikuwa na mfereji mmoja tu, na ulikuwa na maringo kuliko nyapara. Ulifunguliwa jioni, watu wakisharudi kutoka shambani, tena kwa muda mfupi. Mitungi ilikaa foleni tangu asubuhi, kila mmoja umefungwa kitambaa shingoni ili mwenyewe aujue. Sheria ilikuwa moja: hakuna kumpisha mtu, na maji yakija hauko kando ya mtungi wako, unarukwa. Uwe na mtoto mchanga, uwe na homa, unarukwa. Sheria hiyo tuliitunga wenyewe na kuilinda kwa matusi.

Adoyo alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango. Alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa akimfuata mumewe Calvince, aliyefanya kazi kiwandani. Alikuwa mcheshi, na mikono yake kwenye majani ya chai ilikuwa myepesi kuliko ya wengi waliozaliwa huku. Mimba zilikuwa zimemtoka mpaka akakata tamaa, halafu akampata Beverly. Alimpenda huyo mtoto hadi tukamcheka. Kila jioni alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu Beverly alikuwa na kifua kibovu na baridi ya huku, mvua ikishanyesha, haina huruma.

Sasa sikiliza jinsi kambi nzima tulivyoosha watoto. Maji ya akiba ya jana yalichemka mekoni. Maji baridi yalikuwa mferejini. Basi kila mama alimimina yale moto kwenye karai, akaliacha sakafuni, akakimbilia foleni, kisha akarudi na baridi ya kupozea. Hakuna aliyeona kosa. Tungepoza na nini, mate?

Jioni moja ya mwaka wa tisini na nne, baada ya mvua ya mawe, Adoyo alikuwa amekwisha kumimina maji ya moto. Beverly alikuwa kitandani akicheza na kijiko. Mtu akapiga kelele nje: "Maji imekuja! Mama Beverly, mtungi yako ndio ya kwanza!"

Adoyo alivuta mlango akakimbia. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mtungi wake ulipojaa nilimsaidia kujitwika, tukacheka jambo fulani ambalo silikumbuki tena. Alikuwa hajafika mlangoni tuliposikia kile kilio.

Beverly alikuwa ameshuka kitandani na kuketi ndani ya karai, kama alivyozoea kuketi kila jioni.

Adoyo aliubwaga mtungi mlangoni, akamnyakua mwanawe. Tukajaa chumbani, kila mtu na dawa yake. Huyu anataka yai, yule anataka dawa ya meno. Unga wa mahindi ndio uliokuwa karibu, basi tukampaka unga. "Fanyeni kitu!" Adoyo alilia. "Jameni, fanyeni kitu!" Na mtungi ulikuwa umelala pale mlangoni, maji yakibubujika, yakipita katikati ya miguu yetu na kuteremka hadi mtaroni. Yalinilowesha vidole. Yalikuwa baridi ya kuuma.

Lori la majani mabichi lilikuwa bado kwenye banda la kupimia chai likipakia. Dereva wake, Kiplangat, hakuomba ruhusa kwa mtu. Tulipanda mbele, Adoyo akimshika mtoto kwenye leso bila kujua amshike wapi. "Kimbiza, ndugu yangu," aliomba njia nzima. "Mungu, nichukue mimi. Huyu niachie." Kiplangat alijibu tu, "Nakimbiza, mama," na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Hospitalini muuguzi mmoja alianza kuutoa ule unga. Sitasema ulivyotoka.

"Nani alimpaka hii unga?" akauliza. "Mtoto akiungua, ni maji baridi tu, mama. Mwagia, endelea kumwagia. Usipake kitu."

Adoyo alimwangalia. "Sista, nilikuwa nayo," akasema. "Mtungi mzima. Nilikuwa nimebeba kwa kichwa."

Muuguzi aliinama, akaendelea na kazi yake.

Beverly alifariki kabla ya Jumapili. Walimzika kwao, upande wa ziwa.

Sikutarajia Adoyo arudi, lakini alirudi. Jioni ya kwanza alisimama kando ya mtungi wake, wa mwisho kabisa kwenye foleni. Tulisogeza mitungi yetu mmoja mmoja mpaka wake ukawa wa kwanza. Ile sheria yetu ngumu tuliivunja siku hiyo, wakati haikumfaa mtu tena, na nilijichukia.

Alijaza, akajitwika, akapita mlango wake. Aliingia kwa Chemutai, aliyekuwa na msichana rika la Beverly, jina lake Caren. Karai lilikuwa sakafuni, tupu, sufuria ikitokota. Adoyo akamimina maji yake.

"Baridi kwanza," akasema. "Kama baridi hakuna, mtoto alale na uchafu."

Kisha akaenda kwa mwenye mtoto mwingine. Mtungi uliisha kabla hajafika nyumbani kwake mwenyewe. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa yake. Calvince alilala bila kuoga na hakulalamika. Kuna mama mmoja alitangulia kumimina moto; Adoyo alilibeba karai na kuyamwaga yote nje, wakashikana mashati. Watu walisema amerukwa na akili. Walianza kumwita Mama Baridi, naye akawakemea: "Mimi ni Mama Beverly!"

Jioni moja tukiwa bado mferejini, Chemutai amekwisha kujaza na kwenda, kilio cha mtoto kikatoka kwake. Foleni yote ikaganda. Adoyo akaangusha mtungi, akakimbia, nami nyuma yake.

Caren alikuwa amejitumbukiza kwenye karai kabla mama yake hajaipua sufuria. Alikuwa amesimama humo mzima, anatetemeka, meno yanagongana, amekasirika vibaya.

"Baridi!" alipiga mayowe. "Mama, baridi!"

Adoyo alipiga magoti kwenye sakafu, akamshika mabega yale mawili madogo, akamtazama huku na huku.

"Lia, mama," akamwambia, naye mwenyewe analia. "Lia tu. Lia na baridi."