Lori la Nyuma

Sixten Hallgren alikuwa dereva tangu ujanani, mtu wa utani. Kampuni yetu ilipoleta malori yanayowasiliana yenyewe kwa mawimbi ya redio, alipangiwa kunifuata mimi, dereva mwenzake, karibu sana. Nikikanyaga breki, lori lake linafunga breki papo hapo bila yeye kufanya lolote. Kazi yake ilikuwa kushika usukani na kutazama mgongo wa tela langu.

"Umekuwa mkia wangu sasa," nilimtania redioni.

"Mkia ndiyo, lakini wewe ndiye unayenikingia upepo. Twende, babu!"

Asubuhi moja ya Novemba, theluji ya majimaji ikianguka, tulikuwa tumebeba karatasi kwenye barabara kuu kando ya Ziwa Vättern, huku Sweden. Karibu na mji wa Gränna, gari dogo lililokuwa likitupita lilifika kwenye njia yake ya kutoka barabara kuu, likajipenyeza katikati yetu. Lori la Sixten lililiona, likaanza kupunguza mwendo ili kuliachia nafasi. Wakati huohuo magari yaliyokuwa mbele yangu yakasimama ghafla. Nikafunga breki, na lori lake likafunga pamoja na langu. Lakini gari dogo husimama upesi kuliko lori lenye shehena; lori la Sixten likaligonga kwa nyuma.

Aliyekuwemo ni mkunga, Annelie, akitoka zamu. Alifia palepale.

Wachunguzi walisema mawasiliano hayakukatika hata kidogo. Hakuna mguu wa binadamu ambao ungewahi breki kama lile lori lilivyowahi. Dereva hana kosa.

"Si umesikia?" Marit, mke wa Sixten, alimwambia. "Huna kosa."

"La nani basi?"

"Si la mtu, mume wangu. Hebu kula, viazi vinapoa."

Hakula. Jumapili aliniomba nimpeleke kwa baba wa marehemu, mzee Folke, maana hakutaka kushika usukani. Mzee alifungua mlango akiwa na soksi tu.

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye lori," Sixten alisema.

"Ndiye uliyekuwa unaendesha?"

"Nilikuwa nimekaa ndani."

"Nakuuliza, ulikuwa unaendesha?"

"Breki ilifungwa na lori lenyewe, mzee wangu."

Folke alishika kitasa. "Sasa umekuja kufanya nini hapa? Nimekaa wiki nzima namngoja mtu wa kumtukana. Unaniletea abiria!"

Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Sixten alirudi kazini, lakini hakuliamini tena lile lori. Kila mara alikanyaga breki mwenyewe, mawasiliano yakakatika, akabaki nyuma peke yake. Bosi akamhamishia ghalani. Huko alipakia mizigo bila kuongea na mtu, mpaka siku moja hakuja tena.

Kwenye sherehe yetu ya mwisho wa mwaka Marit alikuja peke yake. Alifunga maandazi mawili ya zafarani kwenye karatasi ampelekee mumewe. Nikamuuliza hali ya mwenzake.

"Yupo," akasema, akavaa koti.