Kopo la Lebo za Mama Pini

Mama Pini alikuwa na kinyongo cha miaka sita, na alikitunza vizuri kuliko hata wadudu wake.

Kazi yake pale makumbusho ilikuwa kukamata pange, wale nzi wakubwa wanaong'ata ng'ombe na watu mpaka damu itoke, kuwachoma pini na kuwapanga kwenye droo. Aliwafuata mabondeni na milimani, wakamla shingo na mikono, akavimba, akarudi tena. Chini ya kila pange aliweka lebo yenye mahali, tarehe, namba na jina la aliyemkamata, yaani yeye. Chini yake tena, kikaratasi chenye namba ileile peke yake.

Siku moja akakuta lebo zake mia mbili kwenye pipa la taka. Mkuu wa idara alikuwa amezing'oa na kuweka zake: jina lake mwenyewe, na mahali pamoja kwa wote, bondeni, maana mwizi huyu alikuwa mvivu pia. Vile vikaratasi vya namba aliviacha. Hakujua ni vya nini.

"Mzee, hawa niliwakamata mimi."

"Wewe kazi yako kuchoma pini, mama. Choma pini."

Haya! Roho ilimuuma. Lakini hakupiga kelele. Aliziokota lebo moja moja, akazitia kwenye kopo la majani ya chai, kesi akaiweka kiporo.

Mwaka huu akaja mtaalamu mgeni mwenye miwani minene, kupanga upya jenasi nzima ya pange: huyu spishi gani, yule ndugu yake nani. Akainamia hadubini asubuhi nzima. Mkuu alisimama pembeni na tai yake, anachekacheka tu.

"Hawa wenye madoa matatu kwenye bawa ni wa milimani," mgeni akasema. "Mbona umeandika uliwakamata bondeni?"

Mkuu akakohoa. "Labda walipeperushwa na upepo."

"Upepo gani huo?" Mgeni akafunga droo. "Lebo hizi siziamini hata moja. Droo nzima itupwe."

Itupwe! Miaka yote ile ya kung'atwa! Mkuu akageuka, jasho linamtoka. "Mama yangu, unakumbuka walikotoka?"

Ala! Leo amekuwa mama yake. Mama Pini alitamani sana kunyamaza amwone akiumbuka, ila pange wake nao wangetupwa. Akaenda kabatini, akaleta kopo, akalifungua mbele ya mgeni. Namba zikalingana na zile za vikaratasi vilivyobaki chini ya pange, na jina la Mama Pini likasomwa lebo baada ya lebo. Mgeni akamgeukia Mkuu.

"Basi lebo hizi zirudishwe mahali pake," akasema.

Mama Pini akavuta kiti akaketi. Koleo dogo la kushikia pini akaliweka kwenye kiganja cha Mkuu.

"Choma pini, mzee," akasema. "Zote mia mbili. Nakutazama."